Sauti Tano

Buruji haina mahali pa kuweka vidole.
Tarumbeta ina vitufe, filimbi ina matundu,
hii ni bomba la shaba lililojikunja mara mbili,
na sauti tano. Tano, usitafute ya sita.
Zote zimo midomoni mwako mwenyewe,
na midomo ikikauka, taifa zima litajua.

Hivyo alinifunza Sajini Kilungya
nyuma ya bohari, kambi ya Kahawa,
alfajiri kabla ya chai,
ndimu mfukoni ya kusugulia shaba.
"Na usiilambe, kuruta! Ndimu ni ya chombo."

"Unadhani huu ni mlio wa maiti?" aliniuliza.
"Sivyo. Ulikuwa mlio wa kufunga mlango.
Huko Uingereza ulikotoka, ofisa alizunguka jioni na taa,
lindo hadi lindo, akihesabu walinzi.
Buruji ya kwanza: naanza.
Buruji ya mwisho: nimemaliza, wote wapo,
mlevi arudi kambini, mshumaa uzimwe.
Basi. Jambo la kila siku, kama kufuli.
Hata wakaja kumzika mwenzao,
mtu akatafuta neno, akakosa,
akaona lile la kila jioni latosha:
zamu yako imekwisha. Tumekuhesabu. Upo."

Tumekuhesabu, upo.

Novemba, makaburi ya Barabara ya Ngong.
Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha kuruta.
Mabalozi, maua mekundu ya karatasi vifuani,
mzee wa medali nne kwenye kiti cha magurudumu
anayekataa kufunikwa mwavuli.
Napuliza. Ile ya tano, ya juu kabisa,
naishikilia mpaka macho yanachuruzika,
na watu hudhani nalia.
Kisha dakika mbili za kimya.
Kwarara wawili wakapita juu yetu
wakipiga kelele bila idhini ya kamanda.
Kisha ile nyingine, fupi, ya asubuhi: amkeni!
Kila mwaka nawaamsha.
Kila mwaka wananisamehe.

Kila jiwe lina jina, lina namba, lina kikosi.
Nimeyasoma yote, safu kwa safu,
nikimtafuta Ndambuki, babu wa babu yangu,
aliyebebeshwa sanduku la risasi kichwani
akaelekezwa kusini, kwenye vita visivyomjua.
Hakuna. Hakupewa bunduki,
kwa hiyo hakupewa jiwe.

Jioni nikashuka Kariokor
na viatu vya gwaride bado miguuni.
Jina lenyewe ni lao, wale wapagazi.
Kizungu kiliingia kinywani mwetu kikiwa kigumu,
tukakitafuna mpaka kikawa soko:
akala za tairi, vyondo, nyuzi za katani,
moshi wa mbuzi unaokufuata hadi nyumbani.

Buruji ya jeshi haipigwi sokoni. Amri.
Nikachomoa kipulizio peke yake,
kidogo kama kikombe cha yai,
nikageukia ukuta, nikapuliza.
Mlio wa bata.
Sauti tano za bata, polepole, kwa mpango wake,
nikashikilia ile ya juu.
Mvulana mmoja akacheka, akanyamazishwa.

Mama Syombua, msukaji wa vyondo,
akainua uso bila kusimamisha vidole.
"Hicho unauza?"
"Hapana, mama. Nafunga mlango."
"Soko hufungwa saa kumi na mbili," akasema.
"Bado nusu saa."

Akasogeza rundo la vyondo nipate pa kukaa.
Nikakaa.
Nikaanza kuhesabu,
na kwa kuwa ninamjua mmoja tu,
nikaanza naye.